Benchi la Indubai

Diwani aling'oa benchi la bustanini, chini ya mwarobaini, akaweka mashine nne za chuma za mazoezi, kila moja na picha yake mwenyewe diwani, ameunganisha viganja kama anatuombea. Ya kuvuta, ya kusukuma. Bibi wa miaka sabini avute nini? Siku hizi watu wanaanika sari zao juu ya mashine hizo.

Kwenye benchi lile mke wangu Indubai na wenzake sita walifanya mazoezi kila asubuhi. Kusum, nesi mstaafu wa mtaani kwetu, ndiye aliyewafundisha. Kaa, inuka bila kushika kitu, mara kumi. Shika mgongo wa benchi, simama kwa ncha za vidole vya miguu, mara kumi. Basi. Indubai alianza akiwa haendi chooni bila kushika ukuta. Baada ya miezi miwili anakaa chini mwenyewe, anapiga bhakri, mikate yake ya mtama, anainuka mwenyewe.

"Njoo nawe, mara kumi tu," alikuwa akiniambia.

Mimi nimesimamia mtambo wa kufuma kiwandani miaka thelathini na moja, magoti yamekwisha. Nikamjibu, "Kukaa na kuinuka nayo kazi? Hata kuku anafanya."

Benchi likaondoka, wenzake wakatawanyika. Nilikwenda ofisini kwa diwani mara tatu. Karani wake akanicheka: "Mzee, mmeletewa mitambo ya kisasa, bado mnalilia ubao?" Indubai akarudi kitandani. Miguu ikakakamaa, mvua zilipoanza kifua kikambana, akafa.

Siku ya kumi ya msiba tukaenda ukingoni mwa ziwa, tukaweka matonge ya wali juu ya jani, tukangoja kunguru. Kunguru akidonoa, marehemu ameridhika. Walijaa mtini, hata mmoja hashuki. Ikiwa hivyo, jamaa huahidi kwa sauti lile wanalodhani marehemu aliondoka nalo moyoni.

"Mama, baba nitamtunza," akasema mwanangu Mahadu. Kunguru hawakutikisika.

"Paa nitalimalizia, mama." Kunguru mmoja akatugeuzia mkia.

Kusum akanisogelea. "Mzee Dattoba, hao wanakungoja wewe. Unajua alichokuomba."

"Nyamaza, nesi we!"

"Sinyamazi. Jua limepanda, na magoti yangu si chuma cha diwani."

Hasira ikanipanda mpaka utosini. Nikapiga kelele ziwa zima lisikie: "Indu! Benchi litarudi! Nitalirudisha mimi, na nitakaa na kuinuka mara kumi mbele ya sura ya yule mwizi!"

Sijamaliza kulaani, kunguru akatua, akabeba tonge.

Alfajiri ya kesho yake mimi na Mahadu tukabeba benchi letu la barazani hadi bustanini, tukalifunga kwa mnyororo kwenye mguu wa mashine. Karani akafika na pikipiki.

"Mzee, ondoa hilo! Hapa ni mahali pa serikali."

"Kamwite bosi wako. Aje anihesabie."

Nikakaa. Nikainuka. Magoti yakalia kama kuni mbichi motoni.

"Usishike!" Kusum akanifokea kwa nyuma. Alikuwa amekuja na wale wanawake sita. "Mikono kifuani! Na hiyo ya kwanza sijaihesabu, umeshika!"

Nikakaa tena, nikaitazama picha ya diwani machoni, nikainuka.

"Moja," nikamwambia.