Pale Mzee Aliposimamisha

Majina ya waigizaji yalikuwa yakipanda kwenye skrini Fundi Kioo alipokumbuka alichoambiwa. Bisibisi ikamponyoka.

Kompyuta ile haikuwa ya kuandikia barua. Iliundwa kwa wapenzi wa filamu na televisheni: kioo kipana, spika nne, antena, na rimoti yake iliyochomekwa ubavuni. Jana mjane mmoja, mshonaji, aliileta kwa kuwa haikuwa ikishika chaji.

"Mzee wangu aliisimamisha filamu katikati," alisema. "Akasema tutaimalizia akitoka hospitali. Hakutoka. Tafadhali mwanangu, paache palepale."

Fundi aliitikia. Lakini tangu aanze kazi, chombo hakitoki mezani kwake kabla hakijacheza filamu moja nzima; ndiyo maana wateja wake hawarudi na malalamiko. Mazoea yana taabu. Mkono ulibonyeza, akili iko kwenye mashine nyingine, na sasa alama ya pale mzee aliposimamisha ilikuwa imefutika.

Alijaribu kuirudisha katikati kwa kubahatisha. Mama wa watu angejuaje? Aliona aibu, peke yake mle dukani, akaufunga mfuniko wa kompyuta.

Mjane alifika asubuhi, sindano yenye uzi ikining'inia kolani.

"Imepona?"

"Inashika chaji, mama. Lakini nimekukosea. Niliicheza mpaka mwisho. Pale pa mzee pamepotea."

Mama aliigusa kompyuta kwa ncha za vidole. Fundi aliona bora angemtukana. Kisha mama akavuta kigoda, akaketi.

"Yule bwana wa kwenye filamu alikuwa anafunga kamba za viatu," alisema. "Kiatu cha kushoto. Mzee alimcheka sana, eti mtu mzima anafunga fundo la kitoto."

Wakatafuta pamoja. Wakapita harusi, wakapita mvua, wakarudi nyuma.

"Hapo!"

Kamba zilikuwa mkononi mwa yule bwana, fundo bado halijakazwa. Fundi alishusha pumzi.

"Nikufungie uende nayo, mama?"

Mama alikuwa ameichukua rimoti. Aliipangusa kwa pindo la gauni, ingawa haikuwa na vumbi.

"Wewe umeiona yote. Anafika aendako?"

Fundi alipofungua kinywa, mama akamkatiza. "Aka! Usinimalizie uhondo. Sogeza kiti."

Fundi akasogea. Mama alibonyeza, na yule bwana akalikaza fundo lake la kitoto, akainuka.