Bosi Ukutani

Ahadi ya kwenda kwenye ukumbi wa katuni haikuwa ya Katibu. Ilikuwa ya kaka yake, Bosi, na Bosi alizikwa kabla mvua hazijaanza. Lakini mtoto mdogo hajui kwamba ahadi nayo huzikwa. Kila jioni Katibu alimjia bibi yake pale jikoni na swali lilelile.

"Bibi, Bosi tutampeleka lini?"

Mwishowe bibi akamfuata binti yake chumbani, akamkuta anapiga pasi shuka ambazo zilikuwa zimeshapigwa.

"Nendeni ninyi," mama yake Katibu akasema bila kuinua macho.

"Tutakwenda sote, mwanangu. Nyumba hii imenuna vya kutosha."

Majina hayo ya utani, Bosi na Katibu, aliyatoa Bosi mwenyewe. Alizaliwa na miguu isiyokubali kumbeba, na siku zake zote alikaa kwenye kiti cha magurudumu akiagiza: mto, maji, habari za nje. "Katibu, niletee faili la ndizi!" Na dada yake anakwenda mbio jikoni, anarudi na ndizi mbili, moja ya ofisi na moja ya katibu. Tangu azikwe, mama yake hakulitamka jina lake, la utani wala la kweli. Akitajwa tu, mama huinuka akatafuta kazi ya kufanya. Bibi alimwacha. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, ingawa na yeye bibi alikuwa na wake, akiuficha kwenye upindo wa kanga.

Ukumbi wenyewe ulikuwa mwisho kabisa wa uwanja wa burudani, nyuma ya bembea kubwa za minyororo. Ndani kulikuwa na kigizagiza na ubaridi, na ukuta mmoja mrefu uliwaka mji mzima wa katuni: nyumba, daraja, barabara inayopinda. Watoto walikaa mikekani wakichora kwa kalamu za nta. Ukimaliza, mhudumu anailaza karatasi yako kwenye kioo cha mashine, na punde tu mchoro wako unashuka ukutani na kuanza kwenda. Ukiugusa, unakujibu: mtu hupunga mkono, ndege hupaa.

Katibu alilala kifudifudi akachora, ulimi nje. Bibi alimwona anavyokaza magurudumu kwa rangi nyeusi, duara juu ya duara, na mkono mmoja wa Bosi ukiwa juu, ule wa kuagizia.

Mashine ikawasha taa nyekundu. Mhudumu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, akajaribu tena. Nyekundu.

"Mrembo wangu," akasema, "karatasi hii ni ya watu. Mashine inatafuta miguu miwili iikunje magotini, imtembeze. Haiioni. Mwongezee miguu hapa chini."

"Hatembei."

"Kwenye katuni kila mtu anatembea."

"Huyu hatembei. Huyu ni Bosi."

Nyuma yao foleni ilikuwa imeanza kunung'unika. Mama yake Katibu, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa, akasogea. Akapiga magoti kando ya mwanawe.

"Mchoree miguu, mama," akasema. "Mara moja tu. Nimwone anatembea."

Katibu akaikumbatia karatasi yake kifuani. "Ukimchorea miguu hatakuwa yeye."

"Nimeomba miaka yote hiyo, Katibu. Hapa inawezekana."

"Basi chora wewe!"

Bibi alitaka kumkemea mtoto, akajizuia. Mama akaichukua karatasi nyingine, akachora polepole kama anayejifunza kuandika. Shati la buluu. Kichwa kikubwa kidogo, kama kilivyokuwa. Kisha miguu, mirefu, imenyooka, na viatu vyenye kamba. Kamba zile alizichora moja moja. Mwanamume mmoja kwenye foleni alikuwa na watoto watatu wanaomvuta suruali. Alimtazama mama yule, akawaambia wanawe kimya kimya, "Tungoje," na wote wakangoja.

Taa ikawaka kijani. Mvulana wa shati la buluu akashuka ukutani, akatembea.

Mama akaufuata ukuta, kiganja kikimwandama bila kumgusa. Mvulana alivuka daraja. Akapita nyumba ya kwanza, ya pili. Mama alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka. Ndipo mvulana akaingia kwenye kundi la watu wa katuni waliochorwa na watoto wengine, na hapo bibi akaona jambo ambalo hakuliona mwanzo. Wote walitembea mwendo mmoja. Goti lilelile, bega lilelile, kila mtu kama pacha wa mwenzake, maana mashine ilikuwa imefundishwa mwendo mmoja tu. Mashati ya buluu yalikuwa mengi.

Mama akagusa mmoja. Akampungia. Akagusa mwingine. Naye akampungia, vilevile.

"Ni yupi?" akauliza. "Mama, ni yupi? Nimempoteza."

Bibi akamshika kiuno kama alivyomshika siku ile ya mazishi. Kuna wakati neno ni mzigo tu.

Mhudumu alikuwa ameyaona yote. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akachuchumaa mbele ya Katibu.

"Hebu nionyeshe huyo Bosi wako vizuri. Haya magurudumu ni makubwa hivi kweli?"

"Makubwa. Ya nyuma makubwa, ya mbele madogo."

"Mimi nimekosea, mwanangu. Nimempa karatasi isiyo yake." Akavuta droo, akatoa karatasi yenye alama nyingine pembeni. "Hii ni ya magari. Ukitumia hii, mashine haimkunji mtu. Inazungusha magurudumu tu, mengine yote inayaacha kama ulivyochora. Lakini tumwulize mama kwanza. Unaruhusu, dada?"

Mama akamtazama Katibu. Mtoto alikuwa bado ameikumbatia karatasi, kidevu juu.

"Mchore," mama akasema. "Mchore alivyokuwa."

Safari hii walichora wawili. Katibu magurudumu, mama kichwa na shati. Walibishana kuhusu mkono.

"Wa kulia, mama! Wa kushoto ulikuwa wa kushikia ndizi."

"Ya ofisi au ya katibu?"

"Ya ofisi. Yangu nilikuwa nimeshakula."

Mama akacheka kidogo, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono, akaendelea kupaka rangi.

Taa ikawa kijani. Bosi akatokea kule barabara inakopinda, kati ya lori la machungwa na basi lisilo na madirisha. Hakukunjwa wala hakunyooshwa. Alikaa alivyozoea kukaa, mkono juu, magurudumu meusi yakizunguka, akapita mbele ya watu wote wale wanaotembea mwendo mmoja. Katika ukumbi mzima hakukuwa na mwingine kama yeye.

Mtoto mmoja wa yule mwanamume akanyoosha kidole. "Baba, yule kwenye kiti ni nani?"

"Shh! Usiulize mambo ya watu."

"Mwache aulize," mama yake Katibu akasema.

Akamwinamia mtoto yule.

"Anaitwa Bosi. Ni mwanangu wa kwanza. Alifariki mwaka huu. Mguse, lakini taratibu, hapendi kushtuliwa."

Mtoto akagusa kwa ncha ya kidole. Kiti kikapiga honi kama gari, na watoto wakaangua kicheko. Mama naye akacheka, akawaeleza jinsi Bosi alivyokuwa akiwaagiza hata wageni, hata daktari. Bibi akatafuta benchi, akakaa, akaweka mkoba mapajani. Hakuwaharakisha. Binti yake alipomaliza kusimulia, mtoto mwingine akasogea akauliza yule ni nani, naye akaanza tena tangu mwanzo.