Mara ya Tano Mfululizo

"Mama, simama kando. Umechaguliwa kwa bahati nasibu," askari wa ukaguzi akaniambia.

Bahati nasibu gani hiyo, mara ya tano mfululizo? Tangu nifungue duka la vitambaa Lodwar, kila nikipanda ndege nachaguliwa mimi tu, mwenye hijabu. Nikavuliwa viatu, nikapapaswa mwili mzima, hata iliki yangu ya chai ikachokorwachokorwa.

Nyuma yangu alikuja mzee Lokaale, mfugaji. Mashine ikalia.

"Ejok, mzee, pita tu," askari akamsalimia kwa Kiturkana huku akicheka.

Ndani ya ndege tukaketi pamoja. Mzee akaniona bado nina hasira.

"Pole, binti yangu."

Akapandisha mkono wa koti, akavua ngozi iliyofunika makali ya bangili yake, kile kisu cha duara wanachovaa wazee wa Kiturkana kwenye kifundo cha mkono, akanikatia chungwa.