Mzuri, Alhamdulillahi

...na bado mguu unambana, hapohapo chini ya goti, na leo ndiyo siku yenyewe, ukumbi umejaa Bagamoyo nzima kumtunuku Daktari Nadhira wa miguu ya bandia, na mshereheshaji anasema, "Baada ya risala, Mzee Mwinshehe wa Kiwangwa atatoa neno la shukrani," neno gani, ya Rabi, aseme mguu mzuri na huku kidonda cha kigutu kinalowesha soksi... mzuri, ndivyo alivyojibu tangu ule mguu wa bandia wa kwanza, baada ya lori kumkanyaga pale Msata, binti Nadhira anakuja na daftari lake, "Shikamoo mzee, mguu unaendeleaje?" "Marahaba mwanangu, mzuri, alhamdulillahi," sasa angemwambia nini, mgeni kakuletea kitu kwa mikono miwili umwambie hakifai? na mguu wenyewe ulikuwa ukishinda juu ya kabati, maana kwenye mchanga wa shamba la mananasi ulizama kama kigingi, mkewe Habiba ndiye aliyepiga kelele, "Baba Adila, gari la daktari hilo, vaa upesi!"... "Utafiti wake," mshereheshaji anasoma, "ulianza kwa majibu ambayo yote yalikuwa mazuri," watu wanacheka, wanacheka nini, "akajiuliza, mbona soli za miguu hiyo hazijalika?" Ala! kumbe... siku ile daktari aliuinua mguu akaugeuza, Mwinshehe akadhani anatafuta chapa ya kiwanda, kumbe anatazama soli, mpya kama ilivyotoka dukani, akauliza tu mananasi yanapaliliwaje, mtu huchuchumaa au hupiga magoti, akashinda naye shambani mpaka adhuhuri... alijua! alijua akamsitiri, miaka minne, ndipo ukaja mguu huu mpya wenye wayo mpana wa kukanyagia mchanga... angepaswa kuona haya, wala haoni, kinachomkereketa ni kutaka kujua tu, je, na hawa wengine, Mtoro wa Mlingotini na gongo lake, Ashura kwenye kiti chake cha magurudumu, nao walisema mzuri? ukumbi mzima wa waongo wenye adabu? basi utafiti ndio huo, kuona lile ambalo adabu imelifunika, kazi gani hiyo, nani alimfundisha... makofi, ngao ya kioo imo mikononi mwake, lakini Nadhira haitazami ngao, anatazama safu ya mbele, miguu ya watu, hata leo, siku yake mwenyewe, yuko kazini, jicho linapita, linapita, limefika kwake, limesimama... ameona anavyoegemea upande, na akimjibu mzuri tena atamsitiri tena, na miguu kama huu itagawiwa watu wengine, nao wachubuke vivi hivi, waseme mzuri... Mwinshehe anampenda binti huyu, ndiyo kweli, anampenda kama wa kumzaa... "Mzee Mwinshehe, karibu," kipaza sauti kinamngoja, hajainuka, ameinama pale pale kitini anakunja suruali, pindo juu ya pindo, mpaka gotini, mbele za watu wote.