Dereva wa Bibi Eunice

Nayakumbuka sana mambo ya zamani, wala sioni haya kusema. Kabila letu, Walakota wa Marekani, lilikuwa na maeneo manne ya afya, kila eneo na mhudumu wake aliyejua nani ni nani kwa nani. Mimi, Verna, nilihudumia eneo la Kijito cha Mierebi. Madereva wa wagonjwa niliwapanga kichwani tu.

Kisha baraza la kabila likaungana na kaunti tatu, tukawa wilaya moja ya afya. Yakaja magari mapya, sikatai. Lakini zamu zikawa zinapangwa mjini, kwa maili. Bibi Eunice, aliyekuwa akisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, akapewa dereva wa karibu kuliko wote: Leland, mume wa binti yake.

Jamani! Kwetu Walakota, mwanamume hasemi na mama mkwe wake wala hamtazami usoni. Ndiyo heshima yenyewe, na hawa wawili walikuwa wameitunza miaka ishirini na sita. Jumatatu Bibi alijifungia ndani, gari likarudi tupu. Jumatano vivyo hivyo. Kufikia Alhamisi miguu ilikuwa imevimba, viatu havimwingii. Niliogopa kweli.

Nikapiga simu mjini.

"Wanakaa maili mbili tu, mama. Tatizo nini?"

"Ni mkwewe!"

"Si ndiyo vizuri? Familia hiyo."

Nikakata kabla sijatukana. Dereva mwingine angepatikana baada ya wiki mbili. Bibi hakuwa na wiki mbili.

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwa Bibi, Leland akaja tena. Alikuwa ametundika blanketi nyuma ya kiti chake, kutoka juu hadi chini, na kioo cha ndani amekigeuza. Akakaa akitazama mbele. Bibi akalikagua gari lote, kisha akanishika mkono, akapanda.

"Verna, liambie hilo blanketi, likikimbiza gari nashuka."

"Verna," akasema Leland, "mwambie abiria blanketi lina leseni."

Bibi akacheka mpaka akakohoa.

Walisafiri hivyo miaka mitatu, wakitaniana kupitia blanketi.

Bibi alipofariki tulikesha naye ukumbini. Leland alibaki mlangoni, kofia mkononi.

"Nenda, Leland," nikamwambia. "Leo hatakasirika."

Akalisogelea jeneza lililokuwa wazi, akamtazama usoni taratibu, kwa mara ya kwanza.

"Kumbe mke wangu kafanana naye hivi," akasema, na machozi yakamtoka.