Nyasi Zilizosimama Wima

Nusu ya nyasi bahari zilizoota nje ya bandari zilikuwa zimetoweka. Ndivyo ilivyosema ripoti, na mtafiti hakuiamini hata chembe. Tabu ni kwamba ripoti yenyewe ilitoka ofisini kwake. Alipokuwa nyumbani akinyonyesha mtoto mchanga, kazi ya kupima alimwachia shemeji yake mzamiaji. Na sasa mhandisi wa bandari alikuwa tayari kuruhusu meli zitie nanga palepale, kwa hoja kwamba hapakuwa tena na kitu cha kulinda.

“Ulishuka maji yakiwaje?” alimuuliza shemeji yake.

“Yametulia tuli, shemeji. Mimi si samaki nishindane na mkondo.”

Mtafiti akacheka, kwa maana kitendawili kilikuwa kimeteguka. Siku zote ofisi yake ilipima mkondo ukienda, majani marefu yakiwa yamelala na kufunika mchanga ndani ya fremu, ule mraba wa kupimia unaowekwa chini. Maji yakitulia, majani husimama wima, na anayetazama kutoka juu huona mchanga mtupu. Shemeji alikadiria kwa macho, tena kwa uaminifu, akakosea.

Kesho yake walishuka pamoja. Safari hii hawakukadiria. Walihesabu mashina kwa vidole, fremu baada ya fremu, kwani shina halibadiliki kwa mkondo. Walipolinganisha na hesabu za mashina za miaka ya nyuma, hawakukuta upungufu wowote. Upande wa kusini mashina yalikuwa hata yameongezeka.

Kwenye kikao cha bandari mtafiti alikiri kosa la ofisi yake kabla ya kuulizwa. Mhandisi akamtazama juu ya miwani.

“Kwa hiyo nyasi zenu hunenepa mkondo ukipita?”

“Hazinenepi, mzee. Zinalala. Hata sisi tukilala tunajaza kitanda, tukisimama tunaenea mlangoni.”

“Wengine hata mlangoni hatuenei,” alijibu mhandisi, akijipapasa kitambi, na kikao kizima kikaangua kicheko.

Hata hivyo utani haukumtosha mhandisi. Mtafiti alimwomba amtume mzamiaji wa bandari, achague mahali apendapo, ahesabu mwenyewe. Mzamiaji huyo alirudi na majibu yaleyale. Mhandisi akaagiza meli ziendelee kutia nanga kulekule kwa zamani, mbali na nyasi.

Shemeji alidhani mambo yamekwisha. Mtafiti akamkabidhi fremu, akamkumbusha kwa upole kwamba upande wa pili wa bandari, wenye mkondo mkali, ulikuwa bado haujahesabiwa.

“Na ule mkondo, shemeji?”

“Utakuzoea.”