Majaruba ya Kichwani kwa Nyamizi

Mwaka 1996, masika yalipokatika, wasusi wa Ifakara walikuwa wameketi kwenye ukumbi wa parokia, kila mmoja na kichwa cha mtu katikati ya magoti yake, wakifundishwa kusuka nywele za kupigwa picha. Mwalimu alikuwa Madamu Merina kutoka Dar es Salaam, aliyeletwa na kampuni ya mafuta ya nywele. Kampuni ilitaka picha za jarida, na ilikuwa imesikia kwamba Ifakara kuna kijani kingi na watu wasiodai sana. Madamu aliwaambia wasahau mitindo ya twende kilioni, wasahau na kalikiti. Nywele za jarida hazisukwi ili mtu apendeze sokoni, alisema, zinasukwa ili anayefunua ukurasa asiufunue tena upesi. Kila mmoja asuke kitu anachokijua cha kwao.

Wengi walisuka vitu vya kutegemewa: ungo, mtumbwi, mnara wa kanisa. Mnara ulilala upande kabla ya chai. Agnella, aliyekuwa akisukia kibarazani kwake karibu na soko, alisuka shamba la mpunga, kwa sababu ndivyo alivyoombwa na mjane aliyeketi magotini pake.

Mjane huyo aliitwa Nyamizi. Alikuja bondeni msichana, pamoja na wazazi wake na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, akaolewa na Agapiti, Mpogoro mwenye shamba kando ya Mto Lumemo. Wakwe zake walizoea kumwaga mbegu na kumwachia Mungu. Nyamizi alichimba majaruba kama ya kwao Usukumani, tuta kwa tuta, kwa jembe la mkono, mengine akiwa na mimba. Maji yakatulia, mavuno yakaongezeka, wakwe wakamsifu. Agapiti alipofariki sifa zikakoma. Valeriani, mdogo wa marehemu, alileta trekta akasawazisha matuta yote kwa asubuhi moja, kisha akaliambia baraza la kata kwamba pale hapajawahi kuwa na jaruba wala jasho la mwanamke yeyote. Baraza likamwambia Nyamizi alete ushahidi. Ushahidi wa tuta lililokwisha kusawazishwa unaletwaje, hawakusema. Kesi ya nyani, hakimu ngedere: mwenyekiti wa baraza alikuwa mjomba wa Valeriani.

Basi Nyamizi aliposikia kwamba kuna watu watakaosukwa na kupigwa picha, alijitolea kichwa. Picha ni ushahidi, alifikiri. Na Agnella alilijua lile shamba kwa kiuno chake mwenyewe, kwa kuwa alipandikiza miche humo kama kibarua miaka mingi.

"Usisahau kichuguu cha mashariki," Nyamizi alimwambia. "Na pale mfereji unapokata kona, usininyooshee dada. Nililima hivyohivyo, umekata kona."

Agnella hakunyoosha. Alipomaliza alikusanya nywele zilizonaswa kwenye kitana akamkabidhi mwenyewe akazifukie, maana nywele za mtu haziachwi zikatembea.

Asubuhi yake maji yalikuwa yamesimama kwenye njia za kichwa cha Nyamizi, na ndani yake viluwiluwi. Wasusi walilizungumza hilo wakati wa chai. Walikumbuka kwamba tanga la Agapiti lilipoanuliwa, mama mkwe alimnyoa Nyamizi, na badala ya kuzifukia nywele nyuma ya nyumba, alizifukia kwenye pembe ya shamba, ili mkwe asije akarudi kwao. Zilizoota baadaye zilikuwa ndugu wa zile zilizofukiwa, kwa hiyo zikawa na haki ya kupata maji. Wengine walisema ni mafuta ya kampuni, yalikuwa mazito mno. Madamu Merina aliuliza tu kama yatachuruzika kwenye nguo za kupigia picha. Aliambiwa matuta ni imara, akaendelea na somo la mtindo wa vitunguu.

Miche ikachomoza. Nyamizi akawa analala ameketi, na mchana watoto wa jirani walimfuata nyuma na makopo kufukuza ndege. Mpigapicha, kijana aliyeitwa Festo, alisema kijani kimejaa kila mahali, heri wasubiri mpunga uwe wa dhahabu. Mpunga wa kichwani haukawii. Kabla mafunzo hayajaisha masuke yalikuwa yameinama hadi masikioni, na Nyamizi akapigwa picha akiwa ameketi juu ya kinu, shingo ikimuuma vibaya. Alimwomba Festo nakala moja tu ya kupeleka barazani. Festo aliahidi. Treni ikaja, Festo akapanda, Madamu akapanda. Jarida lilipofika Ifakara, mtindo ulikuwa umeandikwa kuwa ni ubunifu wa Madamu Merina, na Nyamizi alikuwa amekatwa kuanzia nyusi kwenda chini. Agnella alipewa cheti chenye jina la Angela. Inauma, lakini Ifakara imezoea kuumwa na mbu wakubwa kuliko hao.

Lakini kesi ilikuwa imepangiwa tarehe kabla jarida halijafika. Nakala ya picha haikuwepo, kwa hiyo Nyamizi alipeleka kichwa chenyewe.

Aliwaamkia wazee shikamoo, akavua khanga ya kichwani, akainama mbele ya meza. Wazee walivaa miwani. Waliangalia kwa haki kabisa, hilo lazima lisemwe. Mmoja alikitambua kichuguu, maana aliwahi kuvuna kumbikumbi pale. Mwingine aliufuata mfereji kwa ncha ya kalamu mpaka kwenye kona. Wakakubaliana wote kwamba majaruba yalikuwepo, kwamba yalichimbwa kwa mkono, na kwamba ni kazi nzuri. Valeriani alisogea naye akaangalia, akasema ni kweli, shamba lenyewe ni hilo, amekosea.

Nyamizi, akiwa bado ameinama, alianza kulia kwa furaha. Alikuwa hajalia tangu msibani.

Mwenyekiti alikohoa. Baraza limeridhika, alisema, kwamba matuta ni ya mama huyu. Ila ardhi iliyo chini ya matuta ni ya ukoo, na wa kuisimamia ni Valeriani. Hilo halikuwahi kubishaniwa. Na kwa kuwa sasa imethibitika mbele ya wote kwamba shamba lililo kichwani ni lilelile lililo mtoni, basi na mpunga uliomo ni wa mwenye shamba.

Valeriani hakuwa mtu wa shari. Aliazima kisu kwa mama ntilie wa jirani, akaja na ungo.

"Inama kidogo tena, shemeji," alisema.

Alivuna suke kwa suke, bila kumkwaruza. Alipomaliza alimwachia Nyamizi gao moja la mpunga, ujazo wa kiganja, la ahsante ya kuuangalia vizuri. Agnella, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuwa amekuja na wembe mfukoni. Alimshika rafiki yake mkono akaliambia baraza kwamba anakwenda kumnyoa, kichwa kipumzike. Wazee wakanong'onezana. Kunyoa, mwenyekiti alisema, kutahesabiwa kuwa ni kuharibu shamba la mtu, na sheria ndogo za kata zinakataza.

Tangu hapo Nyamizi alibaki na matuta yake. Sokoni watu walimsalimia kama kawaida, wakampisha ili wasimwage maji.

Msimu uliofuata mvua ziliwahi. Nyamizi aliamka akakuta majaruba yamejaa hadi kwenye paji la uso. Alijifunga khanga kiunoni, akatembea taratibu, shingo wima, mpaka nyumbani kwa Valeriani, akabisha hodi.

"Shemeji," alisema, "shamba lako limepata maji."